Mtandao usio na mnara: Nani mwenye wazo?

MWANZONI mwa mwaka 2004 pundamilia wachache wa Laikipia, nchini Kenya, walifungwa kola shingoni na kuachiwa waendelee na malisho yao. Ndani ya kila kola kulikuwa na kompyuta ndogo, chombo cha kutambua mahali mnyama alipo kwa msaada wa setilaiti, redio ya kurushia taarifa na vipande vya kunasa nguvu ya jua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani walitaka kujua wanyama hao huenda wapi usiku na mchana. Kikwazo kilikuwa kile kile kilichomsumbua mfugaji wa maeneo hayo wakati huo: hapakuwa na mtandao wa simu wa kutegemea porini.

Kwa hiyo kola zilifundishwa kusaidiana. Pundamilia wawili walipokaribiana, kola zao zilipeana taarifa, na kila mmoja akaondoka na habari zake pamoja na za mwenzake. Mtafiti aliyepita na gari na kumkuta mnyama mmoja tu aliweza kuchukua habari za wengine ambao hakuwaona kabisa. Mpango huo uliitwa ZebraNet, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 2002, kabla hata kola hazijafungwa.

Mkulima aliye bondeni, mahali simu inaposhika ukipanda kilimani tu, ataona faida yake bila kuelezwa sana. Vyombo vidogo vya redio vikiwekwa juu ya mapaa ya nyumba, vikapokezana ujumbe kutoka paa hadi paa, vinaweza kufikisha bei za soko au taarifa ya kufika kwa lori la kubebea mazao bila kusubiri kampuni ya simu iridhike kwamba kijiji kina wateja wa kutosha. Baadhi ya vyombo hivyo vinaweza kufungwa kwenye pikipiki au trekta na bado vikafanya kazi.

Hapo ndipo linapozuka swali la biashara. Anayetengeneza, anayeuza au anayenunua vyombo hivyo atadaiwa fedha na mtu anayesema kwamba wazo ni lake?

Jibu linategemea kile ambacho wanasheria hukiita ujuzi uliotangulia, yaani kila kitu kilichokwisha kujulikana hadharani kabla ya mtu kwenda kuomba hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kibiashara, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya maombi. Hutolewa kwa kitu kipya tu. Sheria ya hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 inataka hivyo, na Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inataka hivyo pia. Kama jambo lilikwisha kuchapishwa, hata na mtu mwingine, hata katika nchi nyingine, hati haistahili kutolewa. Ikitolewa kwa makosa, inaweza kufutwa.

Kwa upande wa mitandao ya vyombo vinavyohama, ambamo ujumbe hupewa njia zaidi ya moja, ujuzi uliotangulia ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu yake ni ya zamani kuliko simu ya mkononi yenyewe.

MATENGA YA NYANYA

Tuseme mfanyabiashara ana matenga 40 ya nyanya Ilula, mkoani Iringa, na mnunuzi wake yuko Dar es Salaam. Njia ya kawaida inashuka mlima Kitonga, inapita Mikumi na kufika Morogoro. Akipakia matenga yote katika lori moja, na lori likaharibika Kitonga, mtaji wote unaozea mlimani. Akiyagawa, nusu yapite Kitonga na nusu yarudi Iringa mjini, yapite Mtera hadi Dodoma na kuteremkia Morogoro, ajali moja haiwezi kummaliza. Njia ya pili ni ndefu na inakula mafuta, lakini kuna kitakachofika sokoni.

Hiyo ndiyo maana ya kupitisha ujumbe kwa njia nyingi. Hata hivyo, anayeijua barabara hiyo ameshaiona kasoro. Malori yote mawili yanakutana Morogoro na kutoka hapo yanaelekea Chalinze kwa barabara moja. Daraja likikatika katikati ya miji hiyo miwili, kugawa mzigo hakujamsaidia mtu. Wataalamu wa mitandao waliumiza vichwa juu ya jambo hilo hilo kwa miaka: haitoshi kuwa na njia mbili, ni lazima njia hizo zisitegemee kituo kimoja wala kipande kimoja cha safari.

Katika mtandao wa vyombo vinavyohama hali ni ngumu zaidi, kwa sababu barabara yenyewe inatembea. Ni kama Mikumi ingekuwa mahali pake asubuhi, na jioni ikakutwa Kilosa. Njia iliyokuwa bora saa tatu inaweza kuwa haipo saa nne. Ndiyo maana kuwa na njia ya akiba mkononi, iliyokwisha kujulikana kabla ya ile ya kwanza kukatika, kuna thamani kubwa katika mitandao hii kuliko katika ile ya waya.

MTOTO WA MWENYE DUKA

Paul Baran alizaliwa mwaka 1926 Grodno, mji ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Poland, na akapelekwa Marekani akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake alifungua duka la vyakula mjini Philadelphia, na Paul alikuwa akiwapelekea wateja bidhaa kwa kigari cha kuvuta kwa mkono. Mwaka 1959 aliajiriwa na Shirika la RAND huko California. Alikuta swali zito mezani: majeshi yangewezaje kuendelea kuwasiliana baada ya shambulio la nyuklia, wakati vituo vikuu vya simu vimeshapigwa?

Jibu lake lilikuwa kuacha kabisa kutegemea vituo vikuu. Mtandao ufumwe kama wavu wa mvuvi, ambao ukikatwa mafundo machache bado unashika samaki. Kwa mahesabu yake, kila kituo kikiunganishwa na majirani watatu au wanne tu, mtandao unakuwa mgumu sana kuuangamiza. Ujumbe ukatwe vipande vidogo, na kila kipande kijitafutie njia.

Namna kituo kinavyochagua njia ndiyo inayowahusu wanaodai mitandao ya leo. Kituo kikipokea kipande, kinaangalia kumbukumbu zake kuona jirani yupi anafikisha haraka. Kama njia ya kwenda kwa jirani huyo imejaa au imekufa, kinampa wa pili. Wa pili akishindikana, wa tatu. Hakikai na mzigo. Baran aliuita utaratibu huo kiazi cha moto, kwa sababu aliyerushiwa kiazi kilichotoka jikoni hakai nacho kiganjani, anamrushia mwenzake haraka.

Maelezo hayo yalitoka katika jarida la wahandisi Machi 1964, na mwezi Agosti mwaka huo RAND ikatoa mfululizo wa mabuku, 11 kati yake yakiwa wazi kwa umma. Hilo ni jambo la ajabu kwa kazi iliyohusu vita, na pengine ndilo lililowafaa zaidi watu wa baadaye. Kampuni ya simu ya AT&T, iliyokuwa ikitawala soko la Marekani, ilielezwa wazo hilo na kulikataa, ikiona kuwa halitafanya kazi.

Nchini Uingereza, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia alifikia wazo hilo hilo mwaka 1965 bila kujua kazi ya Baran. Ndiye aliyevipa vile vipande jina la pakiti, ambalo limebaki hadi leo. Watu wawili katika nchi mbili, hawajuani, wamefika mahali pamoja. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila anapotokea mtu kusema kwamba pasingekuwa yeye, hakuna ambaye angeliwaza.

Mwaka 1975 Mmarekani mwingine, Nicholas Maxemchuk, alikwenda mbali zaidi. Alipendekeza ujumbe mmoja ugawanywe na vipande vyake vipelekwe kwa njia tofauti kwa wakati mmoja, pamoja na vipande vya ziada vilivyokokotolewa kutokana na vile vya asili. Baadhi vikipotea njiani, mpokeaji anaujenga upya ujumbe kamili kutokana na vilivyofika. Nyanya haziwezi kufanyiwa hivyo.

GARI NJE YA BAA

Yote hayo yalifikiriwa zaidi kwa mitandao ya vituo visivyohama. Upande wa redio, hatua kubwa ilifanyika Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mtandao ulioitwa ALOHA. Vituo vyote vilitumia mawimbi yale yale, na viwili vikisema kwa pamoja, kila kimoja kilisubiri muda wake na kurudia. Lakini havikuwa vikipokezana mzigo wa wengine.

Kupokezana kulikuja na mradi wa redio za pakiti ulioanzishwa mwaka 1973 na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kuzunguka Ghuba ya San Francisco. Redio ziliwekwa juu ya vilima na nyingine ndani ya gari lililokuwa likizunguka barabarani. Agosti 27, 1976 wahandisi waliliegesha gari hilo nje ya baa moja ya Portola Valley, wakaweka mashine yao juu ya meza ya nje, na kutuma ripoti kwa redio hadi kwenye mtandao wa kompyuta wa wakati huo. Novemba 22, 1977 gari likiwa barabarani lilituma ujumbe uliopita redio, setilaiti na waya, ukavuka bahari hadi London na kurudi Los Angeles.

Mwanzoni mradi ulitegemea kituo kimoja cha kupanga njia. Baadaye kazi hiyo iligawiwa redio zenyewe. Kila redio ilitoa salamu kila baada ya sekunde saba na nusu, ikieleza kwamba ipo na inajua nini juu ya wengine. Majirani waliosikia waliandika katika majedwali yao. Jirani aliyenyamaza alihesabiwa kuwa ameondoka, na mzigo ukapitishwa kwa mwingine. Maelezo ya mradi huo yalichapishwa Novemba 1978 na tena Januari 1987.

Kwa hiyo miaka mingi kabla ya kijana wa leo kushika simu, maktaba za vyuo vikuu zilikuwa na maandishi yenye tarehe yanayoeleza vyombo vya redio vinavyohama, vinavyotafutana vyenyewe, vinavyobebeana ujumbe na kubadili njia inapokatika.

Kompyuta za kubeba zilipoenea, utafiti uliongezeka kasi. Mwaka 1994 peke yake zilitoka mbinu mbili mashuhuri. Moja ilikuwa ya Charles Perkins na Pravin Bhagwat. Nyingine, ya David Johnson, ilikuwa rahisi kuieleza hata kijiweni: chombo kinachotaka kutuma ujumbe kinawauliza majirani nani anamjua fulani, nao wanawauliza majirani zao, mpaka swali linamfikia mwenyewe. Jibu linarudi likiwa na orodha ya waliopitiwa. Yanaweza kurudi majibu kadhaa yenye orodha tofauti, na mwulizaji anayaweka yote. Njia ya kwanza ikikatika, anatumia ya pili bila kuuliza upya.

Mwaka 1997 chombo kinachosimamia kanuni za intaneti kiliunda kundi la kazi la mitandao hiyo. Oktoba 1999 Asis Nasipuri na Samir Das walitoa andiko lililohusu moja kwa moja njia nyingi katika mitandao ya vyombo vinavyohama. Mwaka 2001 Sung-Ju Lee na Mario Gerla wa Los Angeles wakaonyesha jinsi ya kuchagua njia mbili zisizogusana kadiri iwezekanavyo, yaani lile tatizo la Morogoro na Chalinze. Mwaka huo huo Mahesh Marina na Das wakaeleza jinsi ya kuweka njia kadhaa bila ujumbe kuanza kuzunguka hapo hapo kama dereva aliyepotelea kwenye kipilefti.

Mtu aliyeomba hataza mwaka 2005 akidai kwamba yeye ndiye wa kwanza kuupa ujumbe njia zaidi ya moja katika mtandao wa aina hiyo alikuwa na kazi kubwa ya kuyaeleza makaratasi hayo yote.

TAREHE NDIYO SHAHIDI

Wakulima wana sababu ya kuuelewa mchezo huu kuliko wanavyodhani, kwa kuwa umewahi kuchezwa kwenye mashamba yao.

Katikati ya miaka ya 1990 mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Colorado, Marekani, alinunua mfuko wa maharage nchini Mexico. Ndani yake alichagua ya rangi ya manjano, akayapanda kwa misimu kadhaa, na Aprili 1999 akapewa hataza ya Marekani juu ya harage alilolipa jina Enola. Baada ya hapo waagizaji waliokuwa wakiingiza maharage ya manjano kutoka Mexico walitakiwa kulipa senti sita za dola kwa kila ratili. Mzigo wa Mexico ukaanza kukwama mpakani, na wakulima waliolima aina hiyo miaka yote wakapoteza wanunuzi.

Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Kitropiki, chenye makao yake karibu na Cali, Colombia, kilipinga hataza hiyo. Silaha yake haikuwa maneno makali. Ilikuwa hazina yake ya mbegu, yenye maharage ya manjano yaliyokwisha kuandikishwa zamani, pamoja na machapisho. Uchunguzi wa vinasaba nao ulionyesha kwamba Enola haikutofautiana na aina iliyokuwa ikilimwa Mexico. Ofisi ya hataza ya Marekani iliyakataa madai hayo mwaka 2008, na Julai 2009 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Haki ilipatikana, lakini ilichukua miaka kumi, na fedha za soko lililopotea katika miaka hiyo hazikurudi.

Mwarobaini, ambao hapa kwetu kila bibi anaujua, nao ulipitia njia hiyo. Hataza ya Ulaya iliyotolewa mwaka 1994 juu ya dawa ya kuvu itokanayo na mafuta yake ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa Machi 2005, baada ya wapinzani kuonyesha kwamba ujuzi huo ulikuwapo India.

Kuna kipengele kimoja cha sheria ya Marekani ambacho kiliwaumiza wengi. Kabla ya mageuzi yaliyoanza kutumika Machi 2013, jambo lililotumika katika nchi ya kigeni bila kuandikwa popote halikuhesabiwa huko kuwa ujuzi uliotangulia. Kilichokubalika kutoka nje kilikuwa maandishi au hataza. India ilipoipinga mwaka 1996 hataza ya Marekani juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, haikutosha kusema kwamba kila mama wa Kihindi anafanya hivyo. Ililazimika kupeleka maandiko, yakiwamo ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 1997.

Wahandisi wa mitandao walikuwa na bahati, kama ni bahati, kwamba kazi yao ni ya kuandika. Profesa asipochapisha hapandi cheo. Kwa sababu hiyo kila hatua, kuanzia kiazi cha moto cha Baran hadi njia zisizogusana za Lee na Gerla, ina karatasi na tarehe. Bibi wa mwarobaini hana jarida.

SI KILA HATAZA NI YA KUFUTWA

Itakuwa si haki kuacha picha kwamba kila mwenye hataza ni mnyang'anyi. Shirika la utafiti la Australia, CSIRO, liliomba hataza ya Marekani mwaka 1993 kwa mbinu ya kuzuia mawimbi ya redio yasivurugane yanaporudi kutoka ukutani na kwenye samani ndani ya nyumba. Mbinu hiyo iliingia katika vifaa vya Wi-Fi vya dunia nzima. Kampuni kubwa zilibishana na shirika hilo mahakamani kwa miaka, kisha zikakubali kulipa, na kwa jumla CSIRO imepata zaidi ya dola milioni 400 za Australia. Bila shaka sehemu ya fedha hizo ilitoka mfukoni mwa kila aliyenunua kompyuta.

Aidha, ujuzi uliotangulia haufungi mlango kwa anayeboresha. Anayedai kumiliki wazo la kutumia njia nyingi atashindwa. Lakini anayeeleza namna mahususi ya kupima betri za vyombo vya njiani na kuupeleka mzigo mahali penye nguvu bila kuwachosha wale wale kila siku anaweza kupewa hataza, kama namna hiyo haijawahi kuelezwa na mtaalamu wa kawaida asingeifikia kwa kuunganisha tu maandiko mawili ya zamani. Mabishano mengi huwa juu ya sentensi chache za mwisho wa hati, zile za madai. Kichwa cha habari cha hataza kinaweza kutisha ilhali madai yake ni membamba kama uzi.

MANKOSI WALIVYOFANYA

Watu wa Mankosi, kijiji cha Jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, hawakungoja ubishi huo uishe. Kuanzia mwaka 2012, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape, walijenga mtandao wao wa simu kwa vyombo vinavyopokezana ujumbe kutoka nyumba hadi nyumba na kutumia umeme wa jua. Mwaka 2014 waliandikisha ushirika na kuuita Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya jifanyieni wenyewe. Moja ya mapato yao ya mwanzo haikuwa simu hata kidogo: lilikuwa kuchaji simu za majirani kwa umeme ule ule wa jua. Mwenye duka yeyote wa kijijini anaijua biashara hiyo.

Vyombo walivyoanzia vilijulikana kama Mesh Potato, na vilitengenezwa kwa ajili ya mradi ulioanzia Afrika Kusini wa kuwapa wanavijiji uwezo wa kuendesha simu zao. Kiazi tena, ingawa hiki kilipata jina kwa mzaha mwingine. Programu ya kupanga njia ndani yake ilitokana na kazi ya vijana wa Berlin waliokuwa wakijenga mtandao wa bure wa mji wao na kuigawa programu hiyo bila malipo. Nayo ilisimama juu ya miaka mingi ya maandishi ya wazi.

Kwa ushirika au mfanyabiashara anayefuatwa leo na muuzaji wa vyombo vya namna hiyo, na kuambiwa kwamba bei iko juu kwa sababu vina hataza, kuna mambo ya kumwuliza kabla ya kufungua mkoba. Kwanza ni namba ya hataza na nchi iliyoitoa. Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu, na ya Marekani haimzuii mtu Mbeya wala Meru. Kwa Tanzania Bara mahali pa kuulizia ni BRELA, kwa Kenya ni KIPI, na zipo pia hataza zinazotolewa kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare.

Kisha aulizwe tarehe ya maombi. Hapa wengi hukosea kwa kuangalia tarehe ya kutolewa, ambayo inaweza kuwa miaka mitano mbele. Wimbi la maandishi ya njia nyingi lilikuwa kati ya 1999 na 2005. Hataza ya Marekani iliyoombwa Juni 2001, kwa kawaida, iliisha Juni 2021, na aliyeinunua kama mtaji amebaki na karatasi.

La mwisho ni kwa fundi wa kijijini anayebuni kitu chake, iwe redio au mashine ya kukoboa, na asiye na fedha za kuombea hataza. Anaweza angalau kuhakikisha kwamba hakuna mwingine atakayekuja kumzuia kukitumia. Aandike maelezo kamili pamoja na mchoro, kiasi kwamba fundi mwenzake anaweza kukitengeneza kwa kusoma tu, kisha ayatoe hadharani mahali penye tarehe isiyobishaniwa, kama jarida la chuo au gazeti. Ila akishayatoa, ajue kwamba katika nchi nyingi amejifungia mlango wa kuomba hataza yeye mwenyewe, na hata panaporuhusiwa muda wa nyongeza huwa ni mfupi. Mwenye nia ya kuomba aanze ofisi ya hataza, gazeti lije baadaye.

Mabuku ya Baran ya mwaka 1964 bado yanapatikana RAND, na yanasomwa bila malipo.